Shemeji alikaa foleni dakika 40 asimpe mtu urais

Nilitua Chicago mwanzoni mwa Novemba 2016 kwa kazi ya siku tatu, mafunzo ya mashine za kufungashia ambayo hayana utamu wowote siwachoshi nayo, nikambembeleza bosi aniongezee wiki moja ya likizo nikamuone kaka yangu Milwaukee, mtoto wa baba mkubwa, ana miaka 11 kule hajarudi hata kuzika. Kumbe nimeangukia wiki ya uchaguzi wao mkuu. Nilikuwa najua ni Trump wa Republican na Hillary Clinton wa Democrat ila tarehe sikuwa nayo kichwani kabisa.

Ijumaa tarehe 4 nimeamka natoka hotelini natafuta chai, nakuta mji umefurika. Barabara hazivukiki, watu wote bluu, fulana bluu, kofia bluu, bendera, na mto unaokatiza katikati ya mji wameutia rangi ya bluu kweli siwatanii. Nikasema alaa, kumbe hawa nao wanajua kampeni, maana nilishaambiwa bluu ni Democrat na nyekundu ni Republican, kama sisi ukiona kijani na njano unajua lori la CCM hilo linakuja. Nikamuuliza dada mmoja mgombea anapanda jukwaani saa ngapi. Akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Ilikuwa baseball jamani. Timu yao ya Cubs imechukua ubingwa Jumatano usiku, mara ya mwisho kuuchukua ilikuwa 1908, kwa hiyo mji mzima hauendi kazini.

Sasa kampeni ziko wapi? Kijana wa mapokezi pale hotelini akaniambia huku hawaji, wanakuja kuomba hela tu kwa matajiri halafu wanaondoka. Illinois haijampa mgombea wa Republican tangu 1988, kila mtu alijua wajumbe wake 20 wa wakati ule wanakwenda wapi, sasa nani apoteze mafuta ya ndege. Hapo ndo nikaanza kuelewa kwamba wenzetu rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima, kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, jumla 538, ukifikisha 270 umemaliza, na karibu majimbo yote anayeongoza hata kwa kura moja anabeba wajumbe wote wa jimbo lile. Kwa hiyo mpiga kura wa Illinois na mpiga kura wa Wisconsin, mpakani tu hapo, kura zao hazina bei moja.

Jumamosi nikapanda treni ya Hiawatha, saa moja na nusu mpaka Milwaukee, treni safi, viti vya kulala, nje mashamba ya mahindi yameshavunwa na miti imebaki mifupa. Kibaridi cha kawaida, si kile nilichotishiwa nikanunua koti la laki tatu Kariakoo. Pembeni yangu mzee wa kizungu anajaza chemshabongo. Tukaongea hali ya hewa, tukaongea Cubs, nikamchokoza kuhusu Jumanne. Akasema yeye ni Republican tangu ujana wake, safari hii hatoki nyumbani, Trump hamtaki na Hillary hawezi kumpa, na kwa vile anakaa Illinois hata akienda ni sawa na kumwaga kikombe cha maji ziwani. Akanionyesha Ziwa Michigan kwa kidole ingawa pale tulipokuwa ziwa lenyewe halionekani. Halafu akarudi kwenye chemshabongo yake kama mtu aliyemaliza kusaini fomu.

Mimi nilinyamaza sababu nina deni. Mwaka 2010 kadi ninayo, kituo kiko nyuma ya nyumba, nililala mpaka saa tano. Sikuwa peke yangu, mwaka ule Tanzania walijitokeza kama asilimia 43 tu ya waliojiandikisha. 2015 ndo nikaamka saa kumi alfajiri kama mtu anayewahi basi la mkoani, maana ule mchuano wa Magufuli na Lowassa ulikuwa na moto, hata bibi yangu alibebwa kwenye bodaboda akapige.

Kaka alinipokea stesheni, tukakumbatiana, amenenepa, nywele zimeisha. Ana mke wa kule kule, mzaliwa wa Milwaukee upande wa kaskazini wanakokaa weusi wengi, nesi, Kiswahili chake ni cha jikoni ila kinatosha. "Karibu shem, umekula?" Hilo nilimpenda hapo hapo. Kaka ana green card tu, si raia, hapigi kura, na nyie mnajua asiyecheza ndo anajua kufundisha. Tangu asubuhi mpaka usiku ni tivii, simu, na kubishana. Matangazo ya kampeni huku sasa ndo utayataka, kila dakika mbili mtu anachafuliwa, na mengi si ya urais, ni ya useneta, Feingold wa Democrat na Ron Johnson wa Republican wanavuana nguo mbele ya watoto.

Jumapili alfajiri wakarudisha saa nyuma, mimi ambaye mwili bado uko Dar nikazidi kuchanganyikiwa, saa tisa usiku niko macho namsikiliza kaka naye hajalala. Akanipa darasa. Kwamba Aprili, kwenye kura za maoni za vyama, Wisconsin hii hii iliwakataa wote wawili: Democrat walimpa Bernie Sanders, Republican wakampa Ted Cruz. Sasa Novemba imefika watu wanaletewa sahani mbili ambazo zote walishazirudisha jikoni. Na kwamba Hillary tangu apitishwe na chama hajakanyaga Wisconsin kufanya kampeni hata mara moja, Trump anakuja na kurudi, wiki ile ile alikuwa Eau Claire, mji wa hapo hapo Wisconsin. "Wanajua ni yetu," kaka alisema, akimaanisha Democrat, maana jimbo lilikuwa halijaenda Republican tangu Reagan 1984. "Kitu ukishajua ni chako unaacha kukiangalia." Kwa alivyokuwa ananiangalia mimi niliyemtafuta baada ya miaka 11 sikujua kama bado anaongelea siasa.

Jumatatu shemeji yuko zamu, tukaenda na kaka kufua nguo, mashine ya nyumbani imekufa. Pale sehemu ya kufulia unatumbukiza sarafu za senti 25 unasubiri, ukisubiri unaongea, ni kijiwe kabisa yani kimekosa bao na kahawa tu. Nikawauliza watu kesho vipi. Kijana mmoja akasema yeye yuko nje lakini bado anamaliza kifungo chake chini ya uangalizi, sheria ya Wisconsin hairuhusu mpaka muda uishe, kwa hiyo yeye hata tusimuulize. Mama mmoja akasema atakwenda ila kitambulisho chake cha picha kimeisha muda na wameweka sheria hiyo, ndo uchaguzi wa kwanza wa rais inatumika pale, na ofisi ya kushughulikia ni mabasi mawili kutoka kwake. Uchaguzi wenyewe Jumanne, siku ya kazi, wakubwa walipitisha hivyo 1845 enzi za wakulima na mikokoteni na mpaka leo haijawa hata sikukuu ya taifa. Sisi 2015 tulipiga Jumapili, ukitoka kanisani unapitia.

Lakini aliyenishika ni mzee mmoja, miaka sabini hivi, anakunja mashuka kwa ustadi kama yuko jeshini. Alimpigia Obama 2008, alimpigia 2012, safari hii hapana. Nikamuuliza haogopi Trump? Akasema Trump alikwenda Michigan akawauliza watu weusi mna nini cha kupoteza. Mzee akainua kapu lake la nguo akasema, "Hiki." Wote tukacheka, naye akacheka. Halafu akasema sasa na yule mwingine, mumewe Bill alipokuwa rais alisaini ile sheria ya uhalifu ya 1994, na 1996 yeye mwenyewe akawasema vijana wa magenge kama wanyama wa porini wanaowinda watu, akaja kusema asingetumia maneno yale 2016 akiwa anataka kura. Mzee ana wapwa wawili waliokwenda jela miaka ile. "Nimepiga kura miaka 40 nikikataa mtu. Mara mbili tu nilimtaka mtu. Mdomo ukishaonja asali..." hakumalizia, mashine yake ilipiga kengele.

Nilikuja kujua baadaye kwamba yule mzee hakuwa kituko. Gallup, wale wapima maoni ya watu, kwenye kipimo chao cha mwisho kabla ya uchaguzi walikuta asilimia 61 hawampendi Trump na 52 hawampendi Hillary, wagombea wawili wa urais wasiopendwa zaidi waliokuwa wamewahi kuwapima mpaka wakati ule. Na watu wa sensa walipowauliza waliojiandikisha wasipige, sababu iliyoongoza haikuwa kazi wala ugonjwa, ni kutowapenda wagombea au kampeni zenyewe, karibu robo yao, wakati 2012 ilikuwa kama asilimia 13. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Wamarekani wavivu wa kupiga kura mimi nabisha. Uvivu naujua, nilikuwa nao 2010. Yule mzee hakuwa mvivu, alikuwa amefikiri kuliko wengi waliopiga.

Jumanne tarehe 8. Tukampeleka shemeji kituoni saa moja asubuhi kabla ya zamu, shule ya msingi karibu na kwao. Foleni ipo, si mbaya. Hakuna askari mwenye bunduki, hakuna wino wa kidole, wanakupa stika ndogo ubandike kifuani. Mimi na kaka tukabaki garini na chai ya chupa. Dakika 40. Karatasi ilikuwa na watu saba wa urais, wawili unaowajua na watano ambao kaka mwenyewe aliwataja kwa kubahatisha. Shemeji akarudi na stika yake akafunga mkanda.

"Umempa?" kaka akauliza.

"Nimempa Feingold."

"Juu?"

"Juu nimeacha wazi."

Jamani. Nimeona ndoa zikitetereka kwa michepuko, kwa hela, kwa mawifi. Sijawahi kuona ndoa inatetereka kwa kiduara kisichopakwa wino. Kaka aliendesha mpaka hospitalini hajasema neno, shemeji anaangalia nje, mimi nyuma najifanya nachat. Wakati shemeji anashuka akanigeukia akasema polepole kwa Kiingereza kwamba kaka yake yeye wa kuzaliwa yuko jela tangu akiwa na miaka 19, kwa hiyo kuna jina mkono wake haukuweza na jina lingine haukutaka, basi. "Baadaye, shem."

Usiku tulikaa sebuleni wote watatu. Florida ikaenda. Ohio ilishakwenda. Pennsylvania. Watoto wakalala, ugali ukapoa. Saa saba na nusu usiku hivi, shirika la habari la AP wakatangaza Wisconsin ni ya Trump na hiyo hiyo Wisconsin ndo ikamvusha 270. Jimbo nililokalia kochi lake! Kaka akazima tivii. Shemeji akamwashia. Kaka akaenda kulala kwenye kapeti chumba cha watoto maana kochi nilikuwa nalo mimi, na asubuhi kila mtu anaongea na mimi tu, mara "mwambie kaka yako maziwa yameisha", mara "mwambie shemeji yako ameona".

Hesabu zilivyokamilika tofauti Wisconsin ilikuwa kura 22,748. Mji wa Milwaukee peke yake ulipiga kura kama 41,000 pungufu ya 2012. Michigan ilikuwa 10,704, na huko watu zaidi ya 75,000 walifanya kama shemeji, wakajaza vya chini wakaacha cha juu. Hillary nchi nzima alizidi kwa kura karibu milioni tatu na hazikumsaidia kitu. Feingold naye alishindwa, hilo kaka hakulitaja kabisa, nadhani aliona inatosha. Mimi upande wangu siwezi kumwekea mtu mmoja mzigo wa 22,748, kama ni lawama zianzie kwa aliyekuwa anaomba kura akashindwa hata kupita kusalimia.

Nimerudi Dar na zawadi, mama ananiuliza habari za kaka, za watoto, kisha akauliza yule mkamwana wake alimpa nani.

"Hakumpa mtu, mama."

"Hakwenda?"

"Alikwenda. Alikaa foleni dakika 40."

Mama akakaa kimya kidogo. "Alipanga foleni akamnyime mtu?"

Nikamwambia wawili. Akaguna, akaenda kuchungulia maharage.