Dakika 30 za kitabu si dakika 30 za jikoni

Kitabu cha mapishi kikisema "dakika 30", tazama kwanza orodha ya mahitaji. Ukikuta "vitunguu 2 vilivyokatwakatwa, karoti 3 zilizoparwa, punje 4 za kitunguu saumu zilizotwangwa", ujue kazi hiyo yote haimo kwenye zile dakika. Mwandishi ameanza kuhesabu kila kitu kikiwa tayari kwenye bakuli. Kama mkono wako haujazoea kisu, ongeza dakika 15 hadi 20.

Kwa anayeanza, kitabu cha kununua ni kile kinachotaja dalili. "Kaanga nyanya mpaka zivurugike na mafuta yajitenge" ni maelekezo. "Kaanga dakika 7" ni makisio, kwa sababu moto wako, sufuria yako na ukubwa wa nyanya zako mwandishi hakuviona. Picha za chakula kikiwa kimepambwa mezani zinavutia, lakini picha moja ya kitunguu kikiwa nusu ya safari ina faida kuliko zote hizo.

Na hapo kwenye vitunguu ndipo vitabu vingi vinapodanganya. "Kaanga dakika 5 mpaka viwe kahawia." Haiwezekani, labda uviunguze. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maji yakiwa bado yamo, joto halipandi sana juu ya nyuzi 100 za selsiasi. Rangi ya kahawia inahitaji joto kubwa zaidi ya hapo, kwa hiyo lazima maji yatoke kwanza. Kwa dakika 5 hadi 8 utapata vitunguu vilaini, vyeupe, vinavyong'aa. Rangi ya dhahabu huja kwenye dakika 15 hivi, na kahawia yenye utamu, kwa moto wa wastani, nusu saa au zaidi. Ukikosa muda, chagua pishi linalotaka vitunguu vilaini tu. Kuongeza moto kutakupa kingo nyeusi na katikati mbichi, na uchungu wake hautoki kwenye mchuzi.

Nyama ya kusaga inagoma kwa sababu hiyo hiyo. Ukimwaga kilo nzima kwenye kikaango baridi, inatoa maji, inachemka ndani yake na kuwa ya kijivu. Pasha kikaango vizuri, weka nusu yake, iache dakika 3 bila kuigusa, kisha ndiyo ugeuze. Kuku ni suala jingine: rangi isikudanganye. Kipimajoto cha jikoni kikichomekwa sehemu nene, mbali na mfupa, kisome nyuzi 74.

Familia ikiwa kubwa, watu huzidisha kila kitu mara mbili. Wali ndio unaoumbuka hapo. Mchele hunywa maji yanayokaribia ujazo wake wenyewe. Yanayobaki hupotea kama mvuke, na mvuke hutegemea zaidi sufuria na mfuniko kuliko wingi wa mchele. Pishi likitaka kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 2 vya maji, vikombe 2 vya mchele havihitaji maji vikombe 4, utapata bokoboko. Anza na 3, na ukiona punje bado ni ngumu, nyunyizia maji ya moto kidogo na ufunike tena. Chumvi na pilipili nazo usizidishe kwa kikokotoo: weka mara moja na nusu, onja, kisha ongeza.

Vipimo. Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko cha chakula ni 15 (vitabu vya Australia hutumia 20). Kikombe kimoja cha unga wa ngano ni gramu 120 hadi 130, lakini ukikichota kwa kuushindilia unaweza kufika 150, na keki ikatoka kavu. Kwa kuoka, nunua mizani. Kwa mchuzi, usijisumbue.

Siku za kazi, kinachookoa jioni ni kupika rojo la vitunguu, nyanya na kitunguu saumu la kutosha mara mbili au tatu. Lipoe, ligawe kwenye mifuko ya friza kwa kipimo cha mlo mmoja, uilaze mifuko iwe bapa. Ikiwa bapa huyeyuka upesi kuliko bonge. Wali wa kiporo unahitaji uangalifu zaidi, maana kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemsha, na sumu yake ikishajitengeneza haiondoki kwa kupasha. Usiuache sufuriani usiku kucha. Utandaze kwenye chombo kipana, uingie friji ndani ya saa 1 hadi 2, uliwe kesho yake, na upashwe mara moja tu, mpaka utoe mvuke hadi katikati.