Nilivyopunguza moshi wa Canter yangu mlima wa Isyonje

Habari zenu wakuu. Mimi nabeba viazi kutoka Isyonje huku Mbeya nashusha Uyole na Mwanjelwa, mwaka wa saba huu, na Canter yangu niliinunua Dar mkononi mwa mtu. Toka siku ya kwanza nimeipandisha huku ikawa inatoa moshi mweusi tii, ukikanyaga mafuta mlimani huko nyuma hakuonekani kitu. Nikawa najiambia ndo dizeli ilivyo, mbona zote zinatoa.

Sasa kuna mama anachoma mahindi pale kwenye kona gari zinapoishiwa nguvu, siku hiyo nimesimama kununua akaniambia mwanangu, gari yako ikianza kunguruma huko chini mimi nafunika mahindi na kanga, ila huyu mjukuu nitamfunika na nini. Mtoto kakaa juu ya ndoo anakohoa. Nikapitisha kidole kwenye turubai la kibanda kikatoka cheusi. Iliniuma sana, na mimi nina wa umri ule nyumbani.

Kesho yake nikaenda kwa fundi wa pampu ya dizeli. Swali lake la kwanza, hii gari ilikuwa inatembea wapi? Nikamwambia Dar. Akasema basi pampu imesetiwa kwa hewa ya pwani, huku Isyonje ni zaidi ya mita 2,000, hewa nyepesi, oksijeni kidogo, lakini pampu inamwaga dizeli ile ile, sasa ile isiyopata hewa ya kuungua ndo inatoka masizi. Kumbe moshi wote ule ni dizeli niliyoilipia sheli! Akapunguza mafuta kwenye pampu, nozo (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini) mbili kati ya nne zilikuwa zinadondosha badala ya kupuliza ukungu tukabadilisha, na ea klina, yaani chujio la hewa, ilikuwa imejaa vumbi la barabara za shamba hata mwanga haupiti. Nguvu ilipungua kidogo, nikakubali kupunguza na magunia matano.

Mengine ni ya kwangu na tandiboi. Zamani tukipakia shambani gari inaunguruma saa nzima, siku hizi tunazima. Upepo wa tairi napima kila Jumatatu. Kupanda hatupandi tena tupu, tunabeba mbolea ya watu. Kwa wiki nilikuwa naweka lita 120, sasa haifiki 100.

Niseme ukweli, moshi mweusi kupotea sio kwamba uchafu umeisha. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ya ukaa, zaidi ya uzito wake yenyewe kwa sababu kaboni inashikana na oksijeni ya hewani, na hiyo huioni kwa macho wala fundi hawezi kuiziba, dawa ni kuchoma lita chache tu. Ila masizi ndo yanayomwingia yule mtoto leo hii, na shirika la WHO la utafiti wa saratani lilishasema toka 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Madereva wenzangu wa mlimani naombeni mlichukulie hili kwa uzito, zile nozo mbili zilirudisha hela yake ndani ya miezi miwili kwa dizeli niliyookoa.

Jumamosi narudi kwa fundi, naona nozo ya tatu nayo imeanza kudondosha.