Siku Nzima Tukimsubiri Pweza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kitinda mimba wangu alikuwa ameshasimama juu ya kitanda, pua inakaribia kugusa kioo, akininong'oneza kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika hadi chumba cha pili: "Mama, kimepita tena!"

Kilichopita ni kiti cha pweza. Na kioo chenyewe hakikuwa kioo. Ngoja nieleze, maana bila hilo siku yote haieleweki.

Tulikuwa ndani ya Disney Fantasy, meli ya kitalii ya wale wenye katuni za Mickey, siku ya pili ya safari ya siku saba, tumeondoka Port Canaveral huko Florida kuelekea visiwa vya Karibi. Siku hiyo meli haitii nanga popote, kutwa ni maji tu. Tulichukua vyumba viwili vya ndani, vile vilivyo katikati ya meli na visivyo na dirisha, kwa kuwa hapo ndipo mfuko ulipofika. Mimi, mume wangu na mwanangu wa miaka sita tulikuwa chumba kimoja. Mama mkwe na binti yangu wa miaka kumi na moja chumba cha pili.

Sasa, kwenye meli hii chumba cha ndani kina kitu cha mviringo ukutani chenye fremu kama ya dirisha la meli, na ndani ya fremu kuna bahari. Ni bahari ya kweli, inayoletwa papo hapo na kamera zilizofungwa nje ya meli. Jua likichomoza nje, linachomoza ukutani kwako. Halafu unapokuwa umeanza kuamini kwamba una dirisha, katikati ya mawimbi anapita kiumbe wa katuni. Mmoja wao ni samaki nyota wa rangi ya waridi. Ananata kwenye kioo, anachungulia chumbani, anateleza, anaondoka zake.

Usiku wa kwanza mama mkwe alikuja kutuaga, akamwona. "Eh, kiti cha pweza hicho," akasema.

Mwanangu hakuwahi kusikia jina hilo. "Kwa nini cha pweza, Bibi?"

"Si ndicho anachokalia."

"Sasa pweza mwenyewe yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa hoi kwa uchovu, miguu imevimba kwa kusimama foleni za bandarini tangu mchana, anataka kitanda tu. Akajibu: "Atakuja. Nani anaacha kiti chake?"

Basi. Jibu la kumkata mtoto ili mtu akalale likatutawala sisi sote kutwa nzima.

Binti yangu yeye alikuwa na ratiba. Aliiandaa usiku kwenye simu, imejaa hadi saa nne za usiku: kusalimiana na Mickey, bwawa, filamu kwenye ile skrini kubwa juu ya bwawa, darasa la kuchora, ukumbi wa maonyesho. Kwa dakika kumi na tano kati ya jambo na jambo alituruhusu kula. Nilimwonea huruma, kwa sababu kabla hata ya kifungua kinywa ndugu yake alishatangaza kwamba hatoki chumbani mpaka mwenye kiti aje. Tulimtoa kwa kumwahidi kwamba tunakula na kurudi.

Mezani ratiba ikapata pigo la pili. Mume wangu ni mtu wa takwimu. Tarehe ya harusi yetu humtoka kichwani, lakini meli hii alikuwa ameisoma yote: urefu wake mita 340, iliundwa na Meyer Werft pale Papenburg, Ujerumani, ikaanza kubeba abiria 2012, mwaka mmoja baada ya dada yake Disney Dream, inachukua abiria wapatao 4,000. Alikuwa akitusomea haya huku anakata mkate. Alipofika kwenye mapezi ya chuma yanayotokeza ubavuni, chini ya maji, ili kupunguza kuyumba kwa meli, akanyamaza katikati ya sentensi. Akaweka uma chini. Akainuka taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, akaenda.

Nikiri kwamba bahari haikuwa chafu. Yalikuwa mawimbi mapana, marefu, na sakafu ilikuwa kana kwamba inapumua. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akitucheka wiki nzima kwa kufungasha dawa za kichefuchefu. Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kipande cha tangawizi kilichofungwa kwenye kitambaa, akanisukumia. "Mpelekee mwenzio atafune. Na mwambie aache kusoma."

Kwa hiyo kufika saa tatu, wanaume wangu wawili wote walikuwa chumbani: mmoja amelala chali amefumba macho, mwingine kakaa mbele ya dirisha la uongo na kifuko cha biskuti. Sisi wanawake watatu tukaifuata ratiba.

Foleni ya Mickey ilizunguka ukumbi mkuu. Alivaa sare ya nahodha, na watu wazima kabisa walikuwa wanatengeneza nywele kabla ya kumfikia. Mama mkwe aliitazama foleni ile kwa muda. "Panya," akasema hatimaye. "Mmelipa nauli, mmevuka maji, mnapanga foleni kumsalimia panya." Binti yangu akafa kwa aibu. Lakini zamu yetu ilipofika, Mickey aliacha watoto wote, akavua kofia, akainama mbele ya mama mkwe mpaka nikadhani atagusa sakafu. Bibi wa watu akavuta mtandio akaziba mdomo. Ile picha ndiyo aliyoiweka kwenye simu yake, na ukimuuliza atakwambia tu kwamba yule panya ana adabu.

Kutoka hapo tulipanda na kushuka mpaka tukafika sitaha ya nne, ambako unaweza kutembea nje kuizunguka meli, na mashua za kuokolea zikining'inia juu ya kichwa chako. Mama mkwe alisimama chini ya moja akaikagua kama mtu anayenunua. Akauliza mbona ni za manjano. Hilo nilikuwa nalijua kutoka kwa mume wangu, na nilifurahi kulisema mimi kwa mara ya kwanza: desturi ya kimataifa ni rangi ya chungwa, ionekane mbali, lakini wenye meli hizi waliomba ruhusa kwa Walinzi wa Pwani wa Marekani wapake manjano, zifanane na viatu vya Mickey. "Viatu vyake?" akauliza. Akafikiri. "Bora zielee."

Hili ndilo lililokuwa likinikera na kunichekesha kwa pamoja tangu tupande. Meli nzima, tangu omo hadi tezi, inajitahidi usikumbuke kwamba uko baharini. Taa ni za kasri, mazulia ni ya kasri, muziki hauzimwi, kwenye ukumbi kuna sanamu ya shaba ya Minnie aliyevaa kama msafiri wa zamani (mama mkwe: "Huyu ndiye mkewe?"). Unaweza kupitisha saa sita bila kuona maji isipokuwa yale ya bwawa. Pale sitaha ya nne tu, upepo ukikupiga usoni na chumvi imekauka kwenye reli ikikwaruza kiganja, ndipo unapojua uko wapi. Na palikuwa karibu patupu. Mzee mmoja aliyekuwa anafanya mazoezi alitupita mara nne.

Saa sita kamili nikarudi chumbani kushika zamu. Ndiyo, tulikuwa tumeanza kupeana zamu. Mume wangu alikuwa amepata rangi kidogo, tangawizi imefanya kazi yake, akaenda kutafuta supu. Nikakaa kitandani karibu na mwanangu na kwa mara ya kwanza nikalitazama lile dirisha kwa makini, bila kupita.

Kamera imefungwa kwenye meli, kwa hiyo meli ikilala upande, mstari wa upeo wa macho nao unalala kwenye duara. Mlangoni gauni langu la jioni lilikuwa limetundikwa, nalo likienda na kurudi kwa mwendo uleule. Duara, gauni, maji kwenye bilauri. Mwanangu alikuwa ameligundua hilo zamani. Alikuwa anaegemea kushoto kabla hatujaegemea, kwa sababu aliona wimbi linakuja.

Hapo vipaza sauti vikalia, nahodha akatoa taarifa yake ya mchana: tunaelekea kusini-mashariki, upepo kiasi gani, mwendo kiasi gani, na kina cha maji chini yetu ni zaidi ya mita 5,000.

"Mama, mita elfu tano ni nyingi?"

Nikamwambia azichukue meli kumi na nne kama hii, azisimamishe wima moja juu ya nyingine, na bado ile ya juu haitachomoza kichwa majini. Nilidhani nimemtisha. Alikaa kimya akihesabu, uso ukang'aa.

"Ndiyo maana anachelewa," akasema. "Anapanda kutoka mbali."

Mchana ule binti yangu alinidai deni lake, AquaDuck, bomba la maji linaloizunguka sitaha ya juu kwa mita 233. Mnakaa wawili kwenye boya, maji yanawasukuma hata mlimani, na mahali fulani bomba, ambalo unaona nje kupitia kuta zake, linatoka kabisa nje ya ubavu wa meli. Nilipiga kelele ambazo sitazielezea. Kwa sekunde moja chini ya miguu yangu hapakuwa na meli, palikuwa na bahari, mbali sana, buluu iliyokoza, na povu letu limechora mstari juu yake. Kisha tukarudi ndani. Binti akataka tena. Nikamwita baba yake. Akasema bado anakunywa supu.

Jioni hiyo watu walivaa. Mama mkwe alitoka na gauni la hariri la kijani lililonifanya nijione nimevaa gunia. Tulimng'oa mwanangu dirishani kwa nguvu, analia, anasema tukiondoka tu pweza atakuja, atakuta hakuna mtu, ataondoka. Alifika mezani macho mekundu.

Chakula cha jioni kwenye meli hii kinahamahama: leo mkahawa huu, kesho ule, na wahudumu wanakufuata kila uendako. Usiku ule ulikuwa wa Animator's Palate, ambako kuta zimejaa skrini na michoro ya katuni. Kabla ya chakula mhudumu wetu akagawa karatasi na kalamu nene, kila mtu achore mtu wake. Karatasi ina alama kuonyesha kichwa kikae wapi, kiwiliwili wapi, miguu wapi. Binti yangu alichora malkia. Mume wangu alichora kitu alichodai ni mhandisi.

Mama mkwe alisukuma karatasi pembeni. Hajui kuchora, akasema, hajashika kalamu kuchora tangu shule. Halafu akamtazama mjukuu wake aliyeinamia sahani. Akaivuta karatasi tena. Alichora polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo: kichwa kikubwa kama mfuko, macho mawili yasiyolingana, kisha minyiri. Alihesabu kwa sauti ya chini. Ilipofika sita nafasi ikaisha, akaibana miwili ya mwisho ubavuni. Hakuziheshimu zile alama hata kidogo. Mhudumu akakusanya karatasi zote akaondoka nazo.

Tulikuwa kwenye vitamutamu taa zilipofifia. Muziki ukaanza, na kwenye skrini wakatokea katuni maarufu wakicheza, kisha kati yao michoro ya wageni, mamia, yote inacheza. Malkia wetu akapita. Watu wanapiga kelele meza hadi meza kila mtu akimwona wake. Mhandisi hatukumtambua.

Halafu akaja. Kichwa kama mfuko, macho yasiyolingana. Mashine ilikuwa imetafuta mikono miwili na miguu miwili kama ilivyozoea, kwa hiyo minyiri minne ilicheza kwa madaha yote na minne ikaburutwa nyuma kama kamba za viatu. Alipita skrini ya kwanza, akapotea, akatokea ya pili iliyo karibu yetu kabisa.

Mwanangu alisimama juu ya kiti. Sikumkataza. "Bibi! Amekuja! Bibi, amekuja!"

"Nilikwambia nini?" mama mkwe akajibu. Alikuwa anakula aiskrimu yake wala hakuinua uso, lakini kijiko kilikuwa kinatetemeka.

Nilipoinua simu kupiga picha, skrini ilishajaa michoro ya wengine. Mume wangu alikuwa amerekodi. Tulipoiangalia baadaye, alikuwa amerekodi dakika tatu za kisogo cha mtu wa meza ya mbele.

Chumbani nilimvua viatu akiwa nusu usingizini. Lile dirisha lina swichi karibu na kitanda, ukitaka giza unalizima. Usiku halionyeshi kitu kikubwa, ni duara jeusi na mara moja moja mstari wa povu pale mwanga wa meli unapoanguka. Nilipopeleka mkono kwenye swichi akafumbua jicho moja.

"Mama, usizime bahari."

"Si ameshakuja?"

"Amekuja," akasema, akajifunika shuka mpaka kidevuni. "Lakini hajakaa bado."

Nikaiacha ikiwaka.