Mshale Ulisema 60, Nguzo Zikasema 48

Mwaka 2011, mjini Morogoro, bwana shamba mmoja mstaafu aliniletea Honda XL125S yake, zile pikipiki ndefu za miaka ya 1980 ambazo maofisa kilimo na waganga wa vijijini walizunguka nazo. Alianza kwa kujisifu: chombo chake kinakwenda kilomita 45 kwa lita moja. Kilichomkera ni kitu kingine. Mjukuu wake akimfuata nyuma kwa bodaboda humuuliza, "Babu, mbona unatambaa?" na yeye mshale wa spidomita, yaani mita ya mwendo, unamwonyesha 60.

Fundi aliyetangulia alikuwa amekwishabadilisha kebo ya spidomita. Kebo mpya, hela imetoka, mshale ni uleule. Kosa hili nimeliona mara nyingi. Kebo, waya unaotoka gurudumu la mbele hadi kwenye mita, haina hesabu yoyote ndani yake: chini ikizunguka mara moja, juu nayo inazunguka mara moja. Ikikatika, mshale unalala. Ikipinda sana au ncha yake ya pembe nne ikilika, mshale unachezacheza na utasikia mlio wa kukwaruza. Lakini haiwezi kuufanya mshale utulie barabara kabisa kwenye namba ya uongo. Mshale wa mzee ulikuwa umetulia.

Kwa hiyo sikushika spana. Jumapili alfajiri, kabla malori hayajaamka, niliipeleka barabara ya Dodoma yenye nguzo za kilomita kando. Sikutegemea nguzo mbili tu, kwa sababu nguzo iliyogongwa na gari inaweza kurudishwa mahali si pake; nilichukua kumi na moja. Upepo wa tairi ulikuwa sawa, saa ya kuhesabia ilikuwa kwenye simu ya tochi. Nilichukua namba ya odomita, kile kihesabu kilomita, kwenye nguzo ya kwanza nikaubana mshale kwenye 60 mpaka ya mwisho.

Kilomita 10 zilichukua dakika 12 na nusu. Gawanya: kilomita 48 kwa saa. Mshale umezidisha kwa robo nzima.

Hapo wengi wangekwishafungua mita. Mimi jibu nilikuwa nalitafuta kwenye odomita, nayo ilikuwa imehesabu kilomita 11.2. Mshale na odomita huendeshwa na kebo moja, ila zinafanya kazi tofauti. Odomita ni meno kwa meno. Haijui kuchoka wala kukisia. Mshale unasukumwa na sumaku: kebo inazungusha sumaku, sumaku inavuta kikombe chepesi cha alumini chenye mshale bila kukigusa, na nywele ya springi inakizuia. Kwa hiyo kama odomita imekosea, tatizo liko chini, kwenye gurudumu au gia ya spidomita. Kama odomita iko sawa na mshale umekosea, tatizo liko juu, ndani ya mita.

Huku kwetu vyote viwili vilikosea, tena kwa viwango tofauti. Kilomita 11.2 kwa dakika 12 na nusu ni karibu 54 kwa saa. Yaani odomita ilidhani tunakwenda 54, mshale ukasema 60, na ukweli ulikuwa 48. Magonjwa mawili yamepandana, kila moja kama asilimia 11 au 12.

Nilianza na la chini. Nilichora mstari wa chaki kwenye tairi la mbele na kwenye sakafu, mzee akakaa juu ili tairi libonyee kama lilivyo safarini, tukaisukuma mizunguko 10 na kupima kwa futi kamba: mita 18.5. Mzunguko mmoja ni mita 1.85. Kisha nikaifungua kebo upande wa mita, nikabandika kipande cha karatasi kwenye ncha ya waya wa ndani kama bendera, nikaliinua gurudumu na kulizungusha mara 10. Bendera ilizunguka mara 29.

Mita nyingi za pikipiki za Kijapani za zama zile zimepangwa hivi: kebo ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, mshale usome 60. Kwa kuwa 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika, maana yake ni mizunguko 1,400 kwa kilomita. Gawanya kwa 2.9, unapata mizunguko 483 ya gurudumu. Basi gia ile ilitengenezwa kwa gurudumu linalotembea mita 2.07 kwa mzunguko. Hili letu linatembea 1.85. Tofauti ni asilimia 12, ileile ya odomita.

Na jibu lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa tairi tangu asubuhi, nikalipita: 2.75-18, yaani la rimu ya inchi 18. XL125S ilitoka kiwandani na inchi 21 mbele. Mzee alieleza kwamba tairi la 21 lilimpa taabu kulipata, wakati za 18 za bodaboda zimejaa kila duka, basi akafungiwa rimu ya 18 kwa spoku fupi kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ileile. Gia ya spidomita inakaa kwenye habu, haikuambiwa kitu. Kulika kwa tairi hakufikishi kosa kama hili: ukipoteza milimita 4 za meno ya tairi la 18, mita inazidisha kama asilimia moja na kidogo tu.

Nilipoligusa gurudumu nilikagua pia masikio mawili ya gia yanayoingia kwenye nafasi za habu. Yalikuwa mazima. Ukikaza ekseli kabla masikio hayajaingia, yanapondeka, na hapo mita hufa moja kwa moja.

Sasa la juu. Mita yenyewe haikuwa ya asili, ilitoka kwenye Honda nyingine, kwa hiyo nilitaka kuhakikisha ile 1,400. Kebo ya zamani iliyotupwa ilinifaa. Nilikata kipande cha waya wa ndani, nikakichomeka kwenye mita na kukizungusha kwa vidole mara 140. Gurudumu dogo la mita mia lilisogea namba moja. Sawa.

Kisha nikakifunga kipande kilekile kwenye drili. Angalia kwanza mshale unapanda drili ikizunguka upande gani. Upande usio wake, odomita inarudi nyuma. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba huhitaji kujua kasi ya drili, kwani odomita inakuambia yenyewe. Kwa dakika 10 iliongezeka kilomita 9, yaani 54 kwa saa. Mshale ulikaa 60. Na nilipozima drili, ulirudi ukakwama kwenye 7 badala ya kulala sifuri.

Mita hupendelea kuzidisha kidogo tangu kiwandani, maana katika nchi nyingi hairuhusiwi kusoma chini ya mwendo halisi. Lakini 6 ni nyingi, na mita nzima haikwami. Kilichobaki ni grisi. Waya wa ndani umesukwa kama parafujo, na ukipakwa grisi mpaka juu unaipandisha kidogokidogo hadi kwenye mita. Fundi wa kebo alikuwa ameijaza. Grisi ikishaingia kati ya sumaku na kikombe, sumaku haivuti kwa nguvu yake tu, inakiburuza kikombe pia kwa unato wa grisi.

Ukingo wa bati wa mita niliufungua kwa bisibisi bapa ndogo, nikiunyanyua milimita chache kila mahali na kuzunguka mara kadhaa. Ukiukunjua sehemu moja kwa pupa, haukunjiki tena vizuri. Mshale sikuung'oa. Ukiung'oa unapoteza sehemu yake ya sifuri, na nywele ya springi ikipinda mita imekwisha. Nilifuta grisi kwa spiriti na vijiti vya pamba, si petroli, kwani petroli inakula rangi ya namba. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye shingo ya chini ya mhimili, basi. Kwenye drili tena: odomita 54, mshale 56, na ukizima unalala sifuri.

Waya wa kebo niliuosha na kuupaka grisi nyembamba theluthi mbili za chini tu. Sentimita kama 20 za juu ziliachwa kavu.

Rimu na tairi la 21 vilipatikana Dar es Salaam baada ya wiki mbili, spoku zikafungwa upya. Nilirudi kwenye nguzo zilezile: odomita 10.0, na kwenye 60 ya mshale kilomita moja ilichukua sekunde 62, yaani 58 halisi. Nikaiacha hapo.

Mwezi uliofuata mzee alirudi amenuna. Pikipiki sasa ilikuwa inakwenda kilomita 40 tu kwa lita. "Tangu uiguse, fundi, imejifunza kunywa." Nilimwandikia nyuma ya risiti: 45 gawanya kwa 1.12. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama ile rimu ya 18 bado ninayo.