Mlingoti ulioota mwituni

Leo ni siku ya tatu mfululizo ninayoshuka ufukweni Shela, kisiwani Lamu, kabla hakujapambazuka, nikiwa na kamera na stendi yake, na ndiyo siku ya kwanza niliyorudi nyumbani na picha ninayoweza kuitazama bila kuona haya. Ninaandika usiku huu huu nisije nikasahau kilichobadilika, kwa kuwa kamera ni ileile, lenzi ni ileile ya milimita 24, na hata dau ninalolipiga picha lilikuwa limetia nanga palepale.

Siku mbili za mwanzo nilitii kila nilichofundishwa. Upeo wa macho niliuweka kwenye theluthi ya juu, mlingoti nikauweka kwenye theluthi ya kulia, na mikunjo ya mchanga uliolowa nikaipa sehemu ya mbele ili jicho lipate pa kuingilia. Kanuni hiyo ya theluthi, ya kuigawa picha mafungu matatu na kuweka vitu muhimu penye mistari ya mgawanyo, ni kongwe kuliko kamera yenyewe: mchoraji Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia michoro ya mandhari, na sina ugomvi nayo. Picha zangu zilipangika vizuri, ila hazikuwa na uhai, nami nikaanza kuulaumu mwanga.

Jana nahodha mmoja mzee aliyekuwa akingojea abiria alitaka kuona ninachokifanya. Nilimwamkia, nikamgeuzia kioo cha kamera. Alikitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona mlingoti umeupanda mwituni?"

Kweli ulikuwa umezama katika mstari mweusi wa miti ya kisiwa cha Manda, ng'ambo ya pili, hata haujulikani ni wa chombo au ni mti mmoja miongoni mwa ile mingine. Mtu aliyesimama ufukweni hutenganisha cha karibu na cha mbali bila kufikiri, kwa kuwa anajua kipi ni kipi na kichwa chake hakitulii. Kamera huvilaza vyote juu ya karatasi moja. Nahodha aliliona hilo mara moja, na sidhani ni bahati. Anayeingiza chombo katika mlango wa bahari hutafuta alama mbili za nchi kavu, moja ya karibu na moja ya mbali, na kwa jinsi zinavyofunikana au kuachana hujua kama yumo njiani au amekwisha kupotoka kuelekea mwambani. Maisha yake yote amekuwa akisoma nafasi iliyo kati ya vitu viwili, ilhali mimi nilikuwa nikipanga kimoja kimoja.

Kwa hiyo leo sikuihangaikia lenzi. Lenzi ndefu zaidi ingeukuza mlingoti pamoja na miti yake, na ungebaki umeota palepale. Nilitembea kushoto, kuelekea kijijini, kama hatua 40, nikiwa nimefumba jicho moja, na kwa kila hatua mlingoti ulisogea kulia mbele ya Manda, hadi ukaitoka ncha ya kisiwa na kusimama peke yake penye bahari wazi. Hapo nikaweka stendi. Mlingoti sasa uko karibu na katikati ya picha, theluthi imevunjika, na sikujali.

Nafasi ya kusitasita haikuwapo. Huku karibu na ikweta mapambazuko hupita upesi, na tumo katika bamvua, siku za maji makubwa zinazoandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji huwa yanapwa wakati jua linachomoza, yakiacha mchanga unaong'aa ambao haujakanyagwa na mtu wala punda. Ikifika kama saa nne maji huwa yamekauka na mikunjo yote iko nje, lakini jua limekwisha kupanda na vivuli vinavyoipa umbo vimetoweka. (Wageni huniuliza saa nzuri ya kupiga picha; mimi huwauliza kwanza mwezi umeandama siku ngapi.)

Baada ya isha nimeifungua picha kwenye kompyuta. Anga nimeipunguza kwa juu, kwani haikuwa na wingu hata moja la kuitetea. Kisha nikaona, pembeni kulia chini, mstari wa nyayo: ni zangu mwenyewe, zinatoka pale niliposimama kwanza. Programu ingezifuta kwa dakika moja, na mara mbili nimeshika kipanya nikakiachia. Bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili. Nitashukia upande wa kijijini, nipite juu, penye mchanga mkavu.