Kutoka Marsabit hadi Moyale, kupitia Turbi

Zamani abiria wa njia hii ya kaskazini mwa Kenya walipanda juu ya malori na kulala njiani, magari yakisindikizwa na polisi. Siku hizi kuna lami. Nilitoka Marsabit asubuhi kwa matatu, tukakata jangwa la Dida Galgalu, mawe meusi kila upande, nikashuka Turbi.

Hapa, alfajiri ya Julai 12, 2005, washambuliaji walivamia shule ya msingi na maboma ya jirani. Waliuawa zaidi ya watu 50, wengi wao Wagabra, jamii ya wafugaji, wakiwamo watoto wa shule. Lawama ziliwaangukia Waborana, wafugaji majirani zao, na kisasi kikafuata. Aprili 2006, ndege iliyobeba viongozi kwenda kusuluhisha ilianguka Marsabit, wakafa watu 14. Wabunge Bonaya Godana, Mgabra, na Guracha Galgallo, Mborana, walikufa pamoja katika safari hiyo ya amani. Jambo hilo bado linaniuma.

Kibandani, mama muuza maziwa ya ngamia alitenga kando dumu lililofungwa kitambaa chekundu.

"La mteja wangu wa Walda," alisema. "Mborana. Atalipa Ijumaa."

Mzee aliyekuwa akinywa chai alinieleza azimio la amani la Maikona na Walda la 2009, lililoafikiwa na wazee wa pande zote mbili. "Ukiua, unatozwa ng'ombe 30. Kwa hiyo kijana akitoka na bunduki, baba yake ndiye wa kwanza kumzuia."

"Na ile vita ya Moyale ya 2013, mzee?"

"Ile haikuanzia kisimani, mwanangu. Ilianzia kwenye kura."

Nakubaliana naye. Mwaka huo wa uchaguzi wa kwanza wa magavana, Moyale iliwaka na maelfu wakakimbilia Ethiopia. Azimio liliwalenga wafugaji wanaogombea maji na malisho. Mchochezi aliyekaa mjini na simu yake halimfikii. Hata kafyu ya Marsabit ya Mei 2022 na msako wa bunduki havikugusa ulimi wa mtu.

Jioni nilifika Moyale, ambako hata ng'ambo ya mpaka mji unagombewa na majimbo ya Oromia na Somali. Kwenye stendi moja nilikuta vijana wa bodaboda, Waburji, Wagabra, Wagarre na Waborana, wakipanga sheria ya chama chao: atakayesambaza ujumbe wa chuki kwenye kundi lao la WhatsApp atalipa faini. Waliyokuwa wakibishania ni kiasi tu.