Owen bin Robert

Wifi yangu alikwama kwa mtu mmoja miaka mitatu. Ukoo wao ni Roberts, watu wa Bethesda, kaskazini ya Wales, wachimba mawe baba kwa mwana. Alikuwa ameshampata babu, baba wa babu, na kurudi nyuma zaidi mpaka kwa Owen Roberts, aliyeandikwa mchimba mawe katika sensa ya 1841. Hapo njia ikaziba. Baba yake Owen haonekani. Wifi alipekua akina Roberts wote wa parokia ya Llanllechid na jirani yake Llandygái, akawajaza kwenye daftari nene, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtoto Owen wa umri ule.

Daftari hilo alinikabidhi baada ya mazishi ya baba mkwe, tukiwa jikoni tunaosha vikombe. Akasema mimi nina subira kuliko yeye.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Huku natunza wazee, zamu za usiku, mwaka wa kumi na moja sasa. Wanangu wawili humwita bibi yao wa huku Nain, na marehemu babu yao walimwita Taid, kama watoto wote wa upande huu wa Wales. Mababu wa upande wangu nawahesabia kwa mdomo wakati wa kulala, jina baada ya jina, kama nilivyohesabiwa mimi. Wa upande wa baba yao walikuwa ndani ya daftari lile, na mimi sikupenda wanangu wawe na mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Nikaanza na sensa. Zilianza 1801 kila baada ya miaka kumi, ila kwa anayetafuta watu wake ya kwanza yenye faida ni ya 1841, kwa kuwa ndiyo iliyokusanya majina ya watu wa kila nyumba nchi nzima. Hata hiyo ina mtego: waliozidi miaka 15, umri wao ulitakiwa kushushwa hadi kwenye tano ya karibu. Mtu wa 34 anaandikwa 30. Ya 1851 ni bora zaidi, inataja umri kamili, parokia aliyozaliwa mtu, na uhusiano wake na mwenye nyumba. Humo Owen ana miaka 43, ana mke, ana watoto watano, na mwisho kabisa wa nyumba yake ameandikwa Margaret Williams, mjane, miaka 71. Uhusiano: mama.

Pembeni ya jina hilo wifi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: aliolewa tena? Kwa akili yake, mama wa mtu wa ukoo wa Roberts anayeitwa Williams lazima awe amepata mume mwingine.

Hapo nikakumbuka jambo langu mwenyewe. Nilipokuja nchi hii niliandikwa kwa majina matatu kama Mtanzania yeyote: langu, la baba, la babu. Jina la babu likafanywa jina la ukoo. Siku moja, kwenye ofisi fulani, karani aliweka vyeti vyangu na vya baba mezani, akaniuliza kwa nini jina langu la mwisho si sawa na la baba yangu. Nikamweleza kwamba mwisho wa jina langu ni babu yangu, na mwisho wa jina la baba ni babu yake yeye. Nilieleza mara tatu. Niliambiwa nirudi na kiapo cha mwanasheria kuthibitisha kwamba baba yangu ni baba yangu. Nililia kwenye basi siku ile, na bado nikikumbuka naumia.

Sasa nikamwangalia Owen Roberts, nikamsoma Kiswahili. Owen bin Robert. Mama yake anaitwa Williams kwa sababu mumewe alikuwa Robert bin William. Margaret hakuolewa tena. Baba aliyekuwa akitafutwa hakuwa Roberts wala hajawahi kuwa.

Wawelisi walikuwa na mpangilio wetu kabisa. Neno lao ni *ap*, au *ab* mbele ya irabu, maana yake mwana wa. Matajiri wao walianza kuiga Waingereza na kushika jina moja la ukoo tangu karne ya 16, lakini maskini wa kaskazini waliendelea kuchukua jina la baba, kizazi baada ya kizazi, mpaka miaka ya mwanzo ya 1800. Majina mengi mnayoyasikia kwenye mpira yana *ap* ndani yake iliyomezwa: ap Rhys akawa Price, ap Howell akawa Powell, ap Hugh akawa Pugh, ab Owen akawa Bowen, ab Evan akawa Bevan. Wengine waliongezewa herufi ya *s* tu mwishoni, na ndiyo sababu Wales imejaa Jones, Williams, Roberts na Hughes. Ni majina ya akina baba tu, yaliyosimama ghafla siku serikali ilipotaka karatasi.

Nilipanda basi kwenda Caernarfon, kwenye hifadhi ya nyaraka za wilaya. Ukiingia unaacha mkoba na kalamu ya wino, unaruhusiwa penseli tu, na kitabu cha kale kinalazwa juu ya mto wa sponji kama mgonjwa. Vitabu vya parokia vina historia ndefu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi, na kwa karibu miaka mia tatu hicho ndicho kitu pekee kilichomkumbuka mtu wa kawaida. Kuanzia 1813 kuna fomu zilizochapwa zenye nafasi ya kazi ya baba. Kabla ya hapo kasisi aliandika alivyojisikia. Kasisi wa mwaka 1808 aliandika mstari mmoja tu: Owen, mwana wa Robert Williams, na Margaret mkewe.

Nilitoka nje nikampigia wifi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Miaka mitatu alipita juu ya mstari ule bila kusimama.

Tangu hapo sikuacha. Nilitaka kujua waliishi vipi, si wanaitwa nani tu. Machimbo yao, Penrhyn, yalitoa mawe meusi yanayopasuliwa kuwa vigae vya kuezekea nyumba, na mwenye mali alikuwa familia ya Pennant, ambao fedha zao zilianzia kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza, serikali iliwalipa fidia wenye watumwa, siyo watumwa. Mwenye Penrhyn alilipwa zaidi ya pauni 14,000 kwa ajili ya watu 764. Malipo hayo nayo yana rejista zake. Kwa hiyo kasri lao kubwa ninaloliona kutoka kwenye basi nikirudi zamu lilijengwa kwa jasho la Waafrika wa Jamaica na mapafu ya mababu wa wanangu. Nilipolijua hilo nilikaa nalo siku nyingi. Niliwaeleza watoto vilevile lilivyo, na nitawaeleza tena wakikua.

Novemba 1900 wachimbaji wapatao 2,800 waligoma, na mgomo ulidumu miaka mitatu. Walioshikilia mgomo waliweka kadi dirishani, kwa Kiwelisi: hakuna msaliti ndani ya nyumba hii. Wengi walihamia migodi ya makaa ya mawe kusini. Baba wa babu wa mume wangu alibaki, na nyumba yake nikaikuta kwenye sensa ya 1911. Hiyo ndiyo sensa inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu karatasi iliyohifadhiwa ni ile aliyoijaza mwenye nyumba kwa mkono wake, na aliulizwa mambo matatu kuhusu mkewe: watoto waliozaliwa hai, walio hai sasa, waliofariki. Ameandika 9, 5, 4. Ile nne ameikandamiza mpaka wino umevuja. Wanne hao hawakuonekana kwenye sensa yoyote, walizaliwa na kufa katikati ya hesabu mbili. Nimewatafuta mmoja mmoja kwenye vitabu vya serikali, vilivyoanza Julai 1837 kwa England na Wales. Faharasa yao ya mtandaoni siku hizi inaonyesha jina la mama kabla ya kuolewa kwa kila mtoto, na hilo ndilo lililoniwezesha kuwatenga na akina Roberts wengine. Sasa majina yao yamo kwenye Biblia ya Nain, pamoja na ya ndugu zao.

Kuna safu nyingine kwenye karatasi za Wales tangu 1891: lugha. Nyumba nzima imeandikwa Kiwelisi tu, na baba peke yake ndiye aliyejua na Kiingereza. Katika shule nyingi za karne ya 19 mtoto aliyeteleza na kusema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni, naye akakipitisha kwa atakayemsikia akikosea, na wa mwisho siku ikiisha akachapwa. Nani kati yetu wa Afrika Mashariki anahitaji kuelezwa kibao hicho ni nini?

Mama mkwe naye ana mizizi yake Ayalandi, wilaya ya Mayo, na huko niliambiwa nisipoteze muda kwa kuwa kila kitu kiliungua. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Juni 30, 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka ya taifa pale Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuteketea. Zikaenda sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote, na zaidi ya nusu ya vitabu vya parokia za Kanisa la Ayalandi. Sensa za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Zimebaki za 1901 na 1911, kamili, na unazisoma bure mtandaoni.

Bibi wa bibi wa mama mkwe yumo katika zote mbili. Mwaka 1901 ana miaka 55. Mwaka 1911 ana miaka 71. Nilidhani ni watu wawili, kumbe katikati ya sensa hizo ilikuja pensheni ya uzeeni, iliyoanza kulipwa Januari 1909, shilingi tano kwa wiki kwa mwenye miaka 70. Wazee wa Ayalandi hawakuwa na vyeti, maana serikali ilianza kuandikisha vizazi huko 1864. Basi kigezo kikawa tukio: je, unakumbuka usiku wa Upepo Mkuu, Januari 6, 1839? Anayekumbuka upepo ule ametimiza umri. Niliposoma hayo nilimwona bibi yangu wa Muheza, ambaye umri wake wote ulikuwa mwaka wa nzige.

Wengine waliomba makarani wawatafutie kwenye sensa za 1841 na 1851, zilipokuwa bado salama. Karani alinakili alichokiona kwenye fomu ndogo. Vitabu vikaungua, fomu zikapona. Yake ipo. Ombi la mwanamke mzee wa Mayo anayetafuta shilingi tano ndilo lililookoa majina ya baba yake, mama yake na ndugu zake sita. Nain alizisoma herufi zile kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Kwa Uskoti sina mengi. Mume wangu ana tawi moja la huko, na nilimaliza kwa wiki mbili, kwa vile uandikishaji wao, ulioanza 1855, ni wa ukarimu: cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, na mama kwa jina la ubini wake. Hata makaburini mwanamke wa Kiskoti mara nyingi ameandikwa kwa jina la baba yake ingawa amezikwa na mumewe. Na kijana wa kwanza kwa desturi alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Baba yangu aliposikia hivyo aliuliza kama hao ni Wazungu kweli.

Baba ndiye ninayempigia kila nikipata mtu. Ana miaka themanini na mbili, husikiliza huku amefumba macho. Jumapili moja nilimsomea msururu mzima: Owen bin Robert, Robert bin William, William bin Richard. Akaurudia wote bila kukosea. Kisha akauliza, "Na huyo mama yake Owen, ni binti nani?"

Nikamwambia, "Baba, kitabu kinasema Margaret tu."

"Basi hujamaliza, mwanangu. Mtu hana upande mmoja."

Nikarudi Caernarfon. Tangu 1754 sheria iliwataka kanisani waandike kila ndoa mbele ya mashahidi, na bwana na bibi harusi watie saini au alama. Nilianza miaka ya karibu nikirudi nyuma, mkono wangu umepauka kwa baridi ya chumba kile. Mwaka 1803 nikawakuta. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuandika. Kuna misalaba miwili ya wino, wa Robert umenyooka, wa pili umelala ubavu, na juu yake kasisi amemwandikia jina lake kabla ya kuolewa: Margaret Thomas.

Nikamtumia baba ujumbe palepale kwenye ngazi, penseli bado imo mkononi. Binti Thomas.